Tairi kubwa la mbele kwenye skuta: badilisha mbele nzima au liache

Anayeendesha skuta ya matairi ya inchi 10 hapa Unguja hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanatamani tairi kubwa zaidi mbele. Lami ikishaisha, ukaingia njia ya kifusi iliyochimbwa na mvua za masika, mawe ya matumbawe yametokeza vichwa, kila shimo unalisikia mpaka mabegani. Na skuta zetu hazibebi mtu mmoja. Mama anapeleka watoto skuli, mmoja kasimama mbele, mwingine kakaa nyuma na mkoba wake. Kwa hiyo tamaa hiyo naiunga mkono kabisa. Ninachokipinga ni namna inavyotimizwa: inatafutwa rimu ya inchi 12, ekseli inatiwa bushi ya kuchongesha, madigadi inapunguzwa kwa msumeno, na mwenye skuta anaambiwa mambo yamekwisha.

Chukua Honda Activa, skuta ya Kihindi. Kwa miaka mingi modeli ya kawaida ilikuwa na tairi la mbele la 90/100-10, yaani upana milimita 90, ukuta wa mpira asilimia 100 ya upana huo, na rimu ya inchi 10. Mwaka 2020 ilipokuja Activa 6G, tairi la mbele likawa 90/90-12. Wengi wakaona hilo tu: 10 imekuwa 12. Lakini siku hiyohiyo Honda walibadilisha na shokapu za mbele. Zile za zamani, zenye mikono mifupi inayocheza chini karibu na ekseli, ziliondoka, zikaja shokapu ndefu za bomba kama za pikipiki. Activa 125 ilikuwa nazo tangu 2014, nayo ilitoka na tairi la inchi 12 mbele. TVS Jupiter ya 2013, skuta nyingine ya Kihindi, vilevile. Katika skuta hizi tairi kubwa na shokapu ndefu vilikwenda pamoja, na mimi nasema sehemu kubwa ya raha ambayo mpanda skuta anaisifia inatoka kwenye shokapu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tairi la 90/100-10 lina kipenyo cha milimita 434 hivi, na 90/90-12 lina 467. Ekseli inapanda juu milimita 16 tu. Sasa fikiria ukingo wa shimo wenye urefu wa sentimita 5. Tairi dogo linaugusa ukingo huo ekseli ikiwa bado milimita 139 nyuma yake, na kubwa likiwa milimita 144. Yaani lile kubwa limepata nafasi ya milimita 5 au 6 zaidi ya kupanda kilima kilekile. Ni faida, lakini ni ndogo mno kuwa sababu ya kukata chuma. Tena ukuta wa mpira umepungua, kutoka milimita 90 hadi 81, na ukuta huo ndio unaobonyea kwanza kabla pigo halijafika kwenye rimu. Ulichokipata kwa mkono wa kulia, kidogo kimetoka kwa wa kushoto.

Hatari kubwa inajificha pale skuta inaposimama kwenye stendi. Ukiiangalia hapo, tairi jipya linazunguka vizuri, haligusi kitu, fundi anatabasamu. Shokapu ikiwa imenyooka hakuna kinachoonekana. Kinachotakiwa ni kujua nini kitatokea shokapu ikibonyea mpaka mwisho, maana ndivyo inavyokuwa ukiangukia shimo na abiria nyuma huku umeshika breki. Pale tairi likigusa madigadi au plastiki ya mbele, linaweza kukamatwa likasimama ghafla, na mwendeshaji akaruka juu ya usukani. Kipimo ni rahisi na hakina gharama. Bandika vipande vya udongo laini juu ya tairi, chini ya madigadi. Fungua springi za shokapu, au kama haiwezekani, watu wawili wazito waikalie mbele mpaka ifike mwisho wake. Zungusha usukani kushoto na kulia ikiwa imebonyea hivyohivyo. Kisha tazama udongo. Ukibaki mwembamba kuliko kidole, kazi hiyo haifai, hata rimu iwe inang'aa namna gani. Na kumbuka tairi lenye matope ni nene kuliko tairi lililooshwa.

Breki nayo inadhoofika. Ngoma ya breki haikubadilika, lakini tairi limekuwa kubwa, kwa hiyo nguvu inayofika barabarani inapungua kama asilimia 7 kwa mkono uleule unaobana. Spidi nayo, kama waya wake unatoka gurudumu la mbele, itakudanganya kwa kiasi hicho hicho: sahani ikionesha 60, wewe uko kwenye 64 au 65. Usukani utakuwa mzito kidogo na umetulia zaidi ukinyoosha. Hilo halinitishi, wengine hata watalipenda.

Wapo wanaosema kwamba tairi dogo ni kosa la tangu asili la skuta. Sikubaliani nao. Corradino D'Ascanio, aliyeibuni skuta ya Vespa kwa ajili ya kampuni ya Piaggio ya Italia mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege. Alilishika gurudumu la mbele kwa mkono wa upande mmoja, kama la ndege, ili tairi lifunguke haraka njiani. Matairi yalikuwa ya inchi 8, ya mbele na ya nyuma sawa, hivyo spea moja inatosha kote. Ilipotoka Vespa GS mwaka 1955 yakawa inchi 10, mbele na nyuma pamoja. Ukiweka 12 mbele peke yake kwenye skuta ya namna hii, spea yako inafaa nyuma tu. Pancha ya mbele ikikukuta njiani kutoka Makunduchi saa tatu usiku, utalijua hilo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Unataka 12? Tafuta mbele nzima ya skuta iliyotoka nayo kiwandani: shokapu, shingo ya usukani na beringi zake, breki, madigadi, vyote. Viingie kwenye fremu yako bila kuchomelewa. Fundi akikwambia shingo inahitaji moto kidogo tu, mshukuru, ondoka. Chuma kilichochomelewa pale kinabeba maisha yako yote kila unapobana breki, na ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi. Ikiwa gharama ya mbele nzima inakaribia bei ya kuuza hii na kuongezea upate yenye 12, na mara nyingi itakaribia, basi uza.

Na kama huwezi lolote kati ya hayo sasa hivi, bado kuna nafuu kwenye hilo dogo ulilonalo. Ipandishe skuta kwenye stendi ya kati, mtu akandamize nyuma, wewe shika tairi la mbele ulitikise mbele na nyuma. Ukisikia kugonga, huenda bushi za ile mikono mifupi zimekwisha, na ni vitu vidogo vya kubadilisha kwa mchana mmoja. Angalia shokapu kama zinavuja mafuta. Halafu upepo: tairi la mbele linahitaji upepo kidogo kuliko la nyuma, kipimo kimeandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha skuta yenyewe, lakini wapigaji upepo wengi wanajaza yote mawili sawasawa mpaka yawe magumu kama jiwe. Mwambie mpigaji mapema, simama hapohapo utazame geji.