Dawa za moyo na nguvu za kiume: daktari aseme au anyamaze?

Mwaka 2003 madaktari wa Italia walichapisha utafiti unaowatia kigugumizi wenzao hadi leo. Wanaume 96 wenye maradhi ya moyo, ambao chumbani hawakuwa na shida, walipewa atenololi. Ni ya jamii ya dawa za kutuliza mapigo ya moyo wanazopewa wengi walionusurika shambulio la moyo. Kati ya waliofichwa jina la dawa, asilimia 3 tu walilalamika kupungukiwa nguvu za kiume. Walioambiwa jina, karibu 16. Walioambiwa na jina na kwamba huenda ikapunguza nguvu, 31. Kidonge ni kilekile! Na walalamikaji walipojaribishwa sildenafili (Viagra), dawa ya kurudisha nguvu za kiume, kisha kidonge kisicho na dawa yoyote, karibu wote walipata nafuu kwa vyote viwili.

Basi daktari anyamaze? Hoja hiyo si ya kubeza. Kama hofu peke yake inamwangusha mwanamume, kumtajia jambo lenyewe ni kumdhuru.

Lakini kimya nacho kina gharama, na mimi naiona kubwa zaidi. Kwetu maelezo mengi hutolewa kwenye dirisha la dawa, foleni ikisukumana nyuma: "Hiki asubuhi, hiki usiku." Nani atauliza mambo ya chumbani pale, tena pengine kasindikizwa na binti yake? Atayasikia kijiweni, yakiwa yametiwa chumvi. Nguvu zikilegea, ataacha dawa kimyakimya, na dawa hizi zikikatishwa ghafla zinaweza kumrudishia shambulio. Au atajinunulia sildenafili, ama vumbi la Kongo ambalo hata muuzaji hajui lina nini ndani. Kama anatumia nitraiti, kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, mchanganyiko huo unaweza kuporomosha presha hadi kuua. Aliyemeza sildenafili hapaswi kugusa nitraiti kabla ya saa 24 kupita. Tadalafili, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, saa 48. Atalijuaje hilo kama mada yenyewe haikuguswa?

Isitoshe, vidonge husingiziwa. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo ikianza kuziba dalili huonekana huko kwanza, mara nyingine miaka kadhaa kabla ya shambulio. Mvuta sigara au mwenye kisukari huenda tatizo alikuwa nalo zamani, ila hakulisema.

Kwa hiyo aseme, faraghani, akianza na ukweli kwamba wengi hawapatwi na lolote na kwamba atakayeona badiliko arudi. Akirudi, yapo ya kufanya. Nebivololi, ya jamii ileile, haina sifa mbaya kama atenololi. Na mwaka 2024 utafiti wa REDUCE-AMI, wa wagonjwa zaidi ya 5,000, wengi wao wa Uswidi, haukuona faida ya dawa hizi kwa waliopata shambulio lakini moyo wao bado unasukuma damu vizuri. Wataalamu wangali wakivutana juu ya hilo, ila mgonjwa wa aina hiyo ana haki ya kumuuliza daktari wake kama bado anazihitaji.