Via 225 kwenye makutano moja: upange kwa mkono au uiachie skripti?

Juzi tuko barazani Ngamiani, Barabara ya Nane, umeme umekatika, mdogo wangu mmoja ninayejifunza naye leyauti ya chipu, yaani kuchora waya na sehemu za ndani ya chipu zikae vipi, kakodolea laptopu iliyobaki chaji kiduchu anabofya via moja moja. Nikamwambia we acha utumwa huo, andika skripti, programu fupi ikufanyie kazi. Akanijibu, "Kaka, skripti niliandika jana, ndo imeniunganishia umeme na graundi, shoti tupu." Nikanyamaza kwanza.

Via ni kitundu kilichojazwa metali, kinaunganisha waya wa tabaka moja na wa tabaka la juu yake. Sisi tunatumia SKY130, ule mchakato wa kutengeneza chipu ambao Google na kiwanda cha SkyWater waliufungulia watu wote 2020. Humo via ya kati ya metali 1 na metali 2, yaani tabaka mbili za waya zinazofuatana, ni mraba wa mikromita 0.15, na kati ya via na via unaacha 0.17. Sasa chukua waya mbili za umeme zenye upana wa mikromita 5 zinapokatana, ukitoa na mpaka wa pembeni zinakaa via 15 kwa 15, yaani 225, zimepangana kama mkonge ukiwa unaelekea Muheza. Na hayo ni makutano mamoja tu! Huwezi kuweka via moja ukaondoka, mkondo wote ukilazimishwa kupita tundu moja metali inaliwa taratibu mpaka inakatika.

Kwa hiyo wanaotetea skripti siwabishii. KLayout, programu ya kuchorea leyauti, inakubali skripti za Python na Ruby, lupu (amri za kurudiarudia) mbili tu umemaliza, na mkono ukichoka unakosea vilevile.

Ila skripti ya dogo ilikuwa inauliza swali moja tu: metali 1 na metali 2 zimepishana hapa? Kama ndio, mwaga via. Haikujua waya wa chini ni graundi na wa juu ni umeme. Na kibaya zaidi DRC, ule ukaguzi wa kanuni za uchoraji, ilipita safi kabisa, maana DRC inapima nafasi na upana, haijui nani kaungana na nani, shoti ilikuja kuonekana kwenye LVS, ukaguzi mwingine unaolinganisha leyauti na mchoro wa sakiti. Sehemu nyingine waya ulikuwa na upana wa 5.005, skripti ikagawa mabaki kwa mbili ili via zikae katikati, ikapata 0.1875, wakati gridi ya SKY130 inaenda kwa hatua za 0.005, hiyo angalau DRC iliipigia kelele.

Mi naona watu wanachanganya maswali mawili, via ziwe ngapi na zikae wapi. La ngapi ni hesabu, mpe mashine. Magic, programu nyingine ya leyauti, inafanya hivyo siku zote, unapaka eneo la kiunganishi tu, matundu yenyewe inayakata wakati wa kutoa faili la GDS, lile la kupeleka kiwandani. La wapi linataka mtu anayejua waya ule ni wa nini, hasa kwenye sakiti za analogi ambako unataka pande mbili zifanane mpaka idadi ya via, huko mi bado naweka kwa mkono na sioni aibu.

Nikamwambia dogo asiifute, aongeze mistari miwili: soma lebo ya waya wa chini, soma ya juu, zikitofautiana ruka. Kafika mstari wa pili laptopu ikazima.