Msibani Thunder Bay, kilomita 700 za theluji

Nyumbani Tanzania sikuwahi kusikia mtu ameacha kwenda msibani kwa sababu ya barabara. Mvua ikikata daraja, watu wanavua viatu, wanavuka kwa miguu na kupanda gari jingine ng'ambo ya pili. Asiyeonekana mazikoni atakumbushwa hilo miaka yote. Ndiyo malezi niliyokuja nayo Winnipeg, Kanada, na ndiyo yaliyotutia barabarani usiku wa Januari, watu wanne ndani ya gari moja, tukienda kumuaga mwenzetu aliyefariki Thunder Bay kabla mwili haujasafirishwa. Kilomita 700. Tukapiga hesabu: mwendo wa 90, saa nane, alfajiri tumefika.

Hesabu ile ilikuwa ya nyumbani. Huku mwezi wa Januari jua huzama mapema, karibu saa kumi na moja jioni, kwa hiyo tuliotoka kazini hatukuwa na mwanga hata dakika moja. Matairi yetu yalikuwa yale ya misimu yote, mazima kwa macho. Sikujua kwamba joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi mpira wake huanza kukakamaa na kukosa mshiko, hata lami ikiwa kavu. Mkoa wa Quebec sheria inakulazimisha kufunga matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Manitoba na Ontario, mikoa ya safari yetu, hawakulazimishi, nasi tukachukulia kwamba kisicholazimishwa hakina haja. Tairi la baridi lina alama ubavuni, mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M na S (matope na theluji kwa Kiingereza) peke yake zisikudanganye.

Tulipopita mji mdogo wa Ignace tukaingia kwenye msitu mtupu, kiasi cha kilomita 100 hadi Upsala. Hapo ndipo gari liliponiponyoka. Lilikuwa kimya, hakuna mlio wa tairi wala kishindo. Usukani ukawa mwepesi mkononi kama hauna kazi, na tukajikuta mtaroni, theluji imefika kwenye vioo. Ile barafu wanayoiita nyeusi haina rangi yoyote. Unaona lami tu, unadhani ni unyevu.

Simu haikuwa na mtandao. Nje ilikuwa nyuzi 31 chini ya sifuri. Tukaacha injini ikinguruma ili tupate joto, tukafunga vioo, tukasali. Mmoja wetu akaanza kulalamika kichwa kinamgonga, mwingine akasinzia. Zilipita dakika kama 50 kabla dereva wa lori hajasimama. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari na koleo lake, akapiga magoti, akafukua theluji iliyoziba ekzosi, ndipo akaja kugonga kioo na kutuamuru tufungue milango yote. Moshi ulikuwa unaturudia ndani. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, inakuchukua usingizini. Tungeendelea kufurahia lile joto mpaka mwisho.

Nimelifikiria sana jambo hili. Nyumbani gari likiharibika unakata matawi unayaweka barabarani, na kabla hujamaliza watu wameshafika: wa kusukuma, wa kushauri, mtoto wa kutumwa kumwita fundi. Usalama wetu ni watu. Huku si kwamba watu ni wabaya, yule wa lori alituokoa; ila hawapo. Basi ule umati unabidi uupakie mwenyewe kwenye buti: koleo, mchanga wa kumwaga chini ya tairi, blanketi la kila abiria, waya za kubusti betri, tochi, maji, na chakula kisichohitaji kupikwa. Tangi lisishuke chini ya nusu, maana kituo kinachofuata huenda kimefungwa. Ukikwama, usitoke kutembea kutafuta msaada. Fukua ekzosi kwanza, washa injini dakika 10 kila saa, acha kioo wazi kidogo, subirini humo humo.

Hayo yote yananunulika. Kigumu ni kumpigia mtu simu na kumwambia "sifiki". Watu wetu wanaliona ni kosa, wengine watasema umeshakuwa Mzungu. Mimi naona kosa ni letu sisi tunaopanga shughuli hizi: tunatangaza siku na saa bila kuangalia utabiri, halafu tunahesabu nani hakuja. Barabara haimjui mwenye udhuru mzito wala mkubwa. Januari 2022 kule Virginia, Marekani, theluji ilifunga barabara kuu ya I-95, na mmoja wa waliokwama humo ndani ya gari lake kwa saa 27 hivi ni Seneta Tim Kaine. Tena huko si msituni. Anayepanga shughuli wakati wa baridi aseme wazi tangu siku ya kwanza kwamba asiyefika hana deni.

Arobaini ya marehemu iliangukia mwezi wa Machi. Safari hii tulikuwa na matairi ya baridi, tuliondoka mapambazuko, na kila tuliposimama tulifungua 511, huduma inayotoa taarifa za hali ya barabara. Kufika Kenora, polisi wamefunga njia. Mbele kulikuwa na dhoruba. Mmoja wetu akataka tusubiri saa moja mbili tuone. Nikakataa, nikampigia mjane, yule tunayemwita dada. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama.

"Laleni huko huko, wadogo zangu," akasema. "Nimeshazika mmoja."

Tulifika kesho yake saa tisa alasiri, shughuli imekwisha, viti vimeshakunjwa. Alikuja mpaka mlangoni na kanga begani, hakutushika mkono kwanza. Alisimama akatuhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, tulivyokuwa tunavua mabuti.