Nilivyomzika Mzima Nikaishi na Mgonjwa

Diski ya kompyuta yangu ilipoanza kugonga tak, tak, tak, kama mgeni anayejua fika kwamba wenyeji wamo ndani na wamejifungia, niliendesha smartctl, programu ya kupima afya ya diski, nikakuta sekta 24 (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zikisubiri hukumu kwenye mstari wa 197, ule wa Current_Pending_Sector, yaani sekta zinazogoma kusomeka. Sikungoja matanga. Nilinunua diski nyingine ya terabaiti 1, aina ileile na umbo lilelile, pacha kabisa, na hapo ndipo nilipojitegea mtego.

Kunakili nilinakili kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai kichwani. Niliwasha kompyuta kwa mfumo wa Linux ulio kwenye flashi ili diski gonjwa isisumbuliwe na kazi nyingine. Nililinganisha namba za mfululizo mara tatu, maana majina ya sda na sdb, ambayo Linux huzipa diski, hugawiwa kadiri kernel, kiini cha mfumo huo, inavyozitambua, na yanaweza kubadilishana mtambo ukiwashwa upya. Kisha nikaikabidhi kazi ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ambayo huchota kwanza yaliyo rahisi, huacha palipooza kwa baadaye, na huandika kwenye faili la ramani mahali ilipofikia. Baada ya saa 9 zilibaki baiti 4,096 tu zilizokataa kusomeka, yaani sekta 8, nazo debugfs, programu ya kuchungulia mfumo wa faili, ilinithibitishia kwamba hazikuwa mali ya faili lolote. Sikupoteza hata picha moja. Nakiri kwamba nilijiita fundi, tena kwa sauti.

Fundi huyo alizima kompyuta, akashika bisibisi, akaitazama diski ya juu, akaitazama ya chini, akaamua kwa imani tupu kwamba mgonjwa ni wa juu. Nikaichomoa, nikaiandika MAREHEMU kwa wino usiofutika, nikaifunga kitambaa na kuilaza kwenye droo.

Kompyuta iliwaka bila kunung'unika, kwa sababu nakala ya namna hiyo hubeba hata UUID, yaani namba za utambulisho, za diski asilia, na fstab, faili linalouambia mfumo upachike diski ipi, halikuwa na njia ya kujua limekabidhiwa nani. Wiki nzima nilisifu kasi ya diski yangu mpya na utulivu wake. Siku ya nane nikafungua folda ya picha za zamani: tak, tak, tak.

Nilipandwa na hasira. Mstari wa Power_On_Hours ulionyesha kwamba diski hiyo "mpya" ilikwisha kufanya kazi saa 38,214, ambazo ni zaidi ya miaka 4 mfululizo, nami nikaanza kumwandikia muuzaji barua ya aya sita, yenye neno "udanganyifu" mara tano na "mchana kweupe" mara mbili, nikidai fedha zangu. Aya ya mwisho ilihitaji namba ya mfululizo. Niliisoma kwenye skrini, nikaitafuta kwenye boksi, nikairudia tarakimu mojamoja kwa kidole, kisha nikanyamaza kwa muda mrefu. Nikafungua droo. Namba ya boksini ilikuwa kwenye lebo ya Marehemu.

Sasa kazi yangu ya wiki nzima ilikuwa ndani ya diski inayokata roho, na ile nzima ilikuwa kitambaani. Nilirudia flashi, nikaipachika diski gonjwa kwa kusomwa tu, nikaiomba rsync, programu ya kulinganisha na kunakili mafaili, ihamishe yaliyobadilika, kwanza kwa --dry-run, yaani jaribio lisilogusa kitu, kwa kuwa imani yangu juu ya yule fundi ilikuwa imeshuka sana. Safari hii nilichomoa diski baada ya kuisoma lebo yake kwa tochi mara nne.

Wino haukufutika kweli. Hadi leo kompyuta yangu inaendeshwa na Marehemu, ambaye hajagonga hata siku moja, na ile barua ya muuzaji ingali kwenye folda ya rasimu, kwa maana nayo rsync iliihamisha salama, aya zote sita.