Kilimanjaro: Miti inayoshuka mlima

Muulize mtu kinachopotea Kilimanjaro, atakujibu barafu. Miti haitaji. Kumbe tangu 1976 moto umeteketeza zaidi ya robo tatu ya misitu ya erika kule juu, ile miti yenye ndevu za kijivu zinazonasa ukungu na kuudondosha chini kama mvua. Wanaikolojia wamepiga hesabu: maji yaliyopotea hapo ni mengi kuliko yanayoletwa na barafu inayoyeyuka.

Kwa kawaida baridi ndiyo huiwekea miti mpaka. Wastani wa joto la msimu wa kukua ukishuka chini ya nyuzi 6 hivi, mti hauwezi kujenga shina. Dunia ikipata joto, basi, miti ingepanda. Kule Kilimanjaro miti imeshuka. Erika zilizofika karibu mita 4,100 zimerudishwa nyuma mamia ya mita, maana mvua imepungua na moto unashika upesi. Vimebaki vichaka vifupi, na wageni wanavipiga picha wakidhani ndivyo Mungu alivyoviumba.

Wapo wanaomlaumu binadamu: mrina asali na moshi wake, jangili, mpishi wa msafara. Moto wa Whona wa Oktoba 2020 na ule wa Karanga miaka miwili baadaye, yote miwili mlimani humo, umewapa nguvu. Wanataka kila cheche izimwe, na mlima ufungwe kwa wasio watalii.

Upande wa pili hutaja milima ya Bale, Ethiopia. Huko wafugaji huchoma erika kipande kwa kipande ili wapate malisho. Kisiki huchipua tena, na kipande kilichoungua karibuni hakishiki, hivyo hukata njia ya moto mkubwa. Ukipiga marufuku, vichaka vikavu vinarundikana vikisubiri kiberiti.

Hoja hiyo naikubali, ila kwa Bale. Mfugaji wa kule anatafuta nyasi. Mkulima wa Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, anatafuta maji ya mfereji, na chipukizi la kimo cha goti halinasi ukungu kama mti wa mita 10. Moto ukirudi kabla halijarefuka, linaanza upya. Erika haifi; inanyimwa miaka.

Hata hivyo, kumfukuza mrina asali hakurudishi mvua. Mtu anayejua kila kichochoro cha msitu ningempa mizinga ya kisasa pembezoni, kisha zamu ya kulinda moto miezi ya kiangazi, alipwe.