MBA ya fedha ingeanzia Njombe na Bukoba

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Sababu iliyotangazwa ilikuwa moja: mitaji haikutosha. Bodi ya Bima ya Amana ikateuliwa kuwa mfilisi. Wakati ule bima ilimkinga mwenye amana kwa shilingi 1,500,000 tu. Aliyeweka milioni kumi za mbolea na ada za watoto alistahili kulipwa hiyo milioni moja na nusu, zilizobaki asubiri mfilisi auze mali na kuwafuata wadaiwa.

Nafanya kazi idara ya mikopo, na MBA yangu ya fedha na benki, yaani shahada ya uzamili ya biashara, niliisoma jioni, Dar es Salaam, baada ya kutoka kazini, kama wanavyosoma wengi wetu. Tulichambua kwa kina namna Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, ilivyoanguka Septemba 2008. Tulichambua Barings, benki kongwe ya Uingereza iliyozamishwa mwaka 1995 na biashara za mtumishi wake mmoja aliyekuwa Singapore. Ni masomo mazuri na kila mtu wa benki anapaswa kuyajua. Ila benki zetu tano hazikupata hata kipindi kimoja. Hilo naliona ndilo pengo kubwa kuliko yote katika digrii hii, na mwenye uwezo wa kuliziba ni mwanafunzi mwenyewe, kwa tasnifu yake.

Tazama tasnifu zenyewe zilivyo sasa. Msimu wa kukusanya data ukifika, madodoso yanaingia kwenye matawi kwa mafungu. Mada karibu zote ni ndugu: mchango wa huduma za benki kwa simu katika kuridhika kwa wateja, benki fulani, tawi fulani. Kurasa kadhaa za kuweka tiki, kutoka "sikubaliani kabisa" mpaka "nakubali kabisa". Teller, mhudumu wa dirishani, anakabidhiwa karatasi hizo jioni wakati anafunga hesabu, droo yake ina upungufu wa elfu ishirini anaoutafuta, na bosi wake amesimama nyuma anasubiri. Anashuka na kalamu safu moja, nakubali, nakubali, nakubali, kisha anarudisha. Mwanafunzi anaziingiza kwenye SPSS, programu ya takwimu, majedwali yanatoka, anaandika kwamba uhusiano una maana kitakwimu. Ada ya mamilioni na usiku wa miaka miwili vimeishia kwenye jibu ambalo aliyelitoa hakulifikiria hata kidogo. Inaniuma, kwa sababu wengi wa vijana hawa ni watu makini wenye akili nzuri.

Sasa chukua nadharia ambayo kila mwanafunzi wa fedha huifanyia mtihani, ile ya mchumi Harry Markowitz ya mwaka 1952 kuhusu kutawanya uwekezaji. Kiini chake ni kwamba hatari ya jumla haitokani tu na hatari ya kila kitu ulichowekeza. Inategemea sana kama vitu hivyo huanguka pamoja. Darasani tunafundishwa kwa hisa za kampuni, tunapiga hesabu za kovariansi, kipimo cha namna hisa zinavyopanda na kushuka pamoja, tunapita. Hakuna anayetuuliza nadharia hiyo inasema nini kuhusu benki ya wananchi.

Benki ya wananchi, ndiyo hiyo community bank, kwa leseni yake huhudumia eneo lake. Wakopaji wake wanaishi mji mmoja na vijiji vinavyouzunguka, wanategemea mazao yaleyale, wanauziana wao kwa wao. Mwenye duka la pembejeo, mwenye fuso, mwenye nyumba ya kulala wageni na mwalimu aliyejenga vibanda vya kupangisha wanaonekana kwenye mafaili kama biashara nne tofauti. Msimu ukiharibika utagundua zilikuwa biashara moja. Maofisa mikopo wa mikoani wanalijua hili vizuri. Ukikaa nao kwenye kamati ya mikopo utasikia swali ambalo kitabu hakina: huyu akianguka, nani mwingine anaanguka naye?

Kagera inalionyesha hili wazi kuliko mfano wowote wa Wall Street. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa huo, likaua watu na kubomoa nyumba na maduka Bukoba na vijiji vyake. Kwa benki ya pale, nyumba ndiyo dhamana na duka ndilo chanzo cha marejesho, na vyote viwili viliguswa dakika ileile. Sisemi tetemeko ndilo lililoiua benki ya Kagera. Nasema kuna swali la utafiti limelala pale: mitikisiko inayopiga wakopaji wote kwa pamoja ina sehemu gani katika kuanguka kwa benki ndogo za mkoa mmoja, na je, mtaji wa shilingi bilioni 2 uliokuwa ukidaiwa benki ya wananchi wakati ule, ukilinganisha na bilioni 15 za benki ya biashara, ulipima hatari hiyo au ulipima ukubwa tu? Mwanafunzi anayelijibu swali hilo amemtumia Markowitz kwa kazi.

Wasimamizi wa tasnifu wakisikia mada kama hii mara nyingi hujibu kwamba data ni siri. Siri za mteja ni siri kweli, na nitakuwa wa kwanza kumzuia mwanafunzi asiguse faili la mtu. Lakini benki zetu zinatakiwa kuchapisha hesabu zao kila robo mwaka magazetini. Amana zipo pale, mikopo ipo, mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, ipo, na uwiano wa mtaji kwa mali zenye hatari upo, ule ambao kanuni inataka usipungue asilimia 10 kwa mtaji wa msingi na 12 kwa mtaji wote. Benki Kuu nayo hutoa ripoti ya kila mwaka ya usimamizi wa mabenki. Mtu akizipanga taarifa hizo kwa miaka kadhaa kabla ya Januari 2018, anaweza kuuliza kama kuanguka kulionekana mapema, na kwa kipimo gani. Mwanazuoni wa fedha Edward Altman alitoa fomula yake ya kutabiri kufilisika mwaka 1968 kwa kutumia viwanda vya Marekani. Inafaa wapi kwetu na inavunjika wapi? Hilo halihitaji kuomba siri ya mtu yeyote.

Na watu wapo. Waliokuwa maofisa wa benki hizo, wajumbe wa bodi, wenye amana, wanahisa wadogo waliochangishana kwenye mikutano ya hadhara ili mji wao uwe na benki yake. Kumkalisha mmoja wao chini kwa saa mbili kunafundisha kuliko madodoso mia. Wanazeeka, na kumbukumbu zao hazijaandikwa.

Upande wa pili wa habari hii unavutia vilevile, na ndio ningependa zaidi mtu auchukue. Siku ileile Benki Kuu ilizipa benki nyingine tatu muda hadi Juni 30, 2018 kuongeza mtaji: Kilimanjaro Cooperative Bank, Tanzania Women's Bank na Tandahimba Community Bank. Hizo hazikufungwa. Benki ya Wanawake iliunganishwa na TPB, iliyokuwa Benki ya Posta, mwaka huohuo. Ile ya Kilimanjaro ilishikwa mkono na CRDB, na ndiyo chimbuko la Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Ya Tandahimba iliendelea katika wilaya inayoishi kwa korosho, na miezi michache baadaye, Novemba 2018, serikali ikaingiza jeshi kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, utaratibu wote wa malipo ukabadilika katikati ya msimu. Benki ndogo yenye wakopaji wakulima ilipitaje pale? Kwa nini nane zilikuwa taabani, tano zikafa na tatu zikavuka? Kulikuwa na tofauti ya mikopo, ya uongozi, au ya nani alikuwa tayari kuleta mtaji? Kwangu hiyo ni tasnifu bora kuliko yoyote niliyowahi kujaza dodoso lake.

Wakenya wana somo lao pia, benki za Dubai Bank, Imperial na Chase zikianguka kwa kufuatana kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, na habari zake zimeandikwa sana. Sioni sababu ya zetu kunyamaziwa.

Kwa hiyo kijana unayepanga kuomba vyuo kama UDSM, Mzumbe au IFM, kabla hujalipa ada tafuta majina ya wanaosimamia tasnifu za fedha, soma walichokichapisha, kisha nenda ukaonane nao. Waulize waziwazi kama watakubali utafiti juu ya benki iliyofungwa. Atakayekuambia ubadilishe mada uende kwenye kuridhika kwa wateja, mshukuru uendelee kutafuta. Na wakuu wa idara zetu, mnaosaini barua za ruhusa na wakati mwingine kulipia ada hizo: wekeni sharti kwamba kazi ya mwisho isomwe mbele ya kamati ya mikopo, ijibu maswali ya watu ambao Jumatatu watakuwa wanaamua mkopo wa mfanyabiashara wa mbao wa Makambako.