Kompyuta Ilinionya, Nikasema Bonyeza

Kwanza kabisa, sikulia. Huyo rafiki yangu aliyewahi kuwaambia kwenye kundi la WhatsApp jana jioni kwamba nimelia Luthuli, ule mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Nairobi, mchana kweupe ni mwongo. Nilishika kichwa, nikachuchumaa nyuma ya kaunta, basi. Hayo mengine ni chumvi yake, na kwa vile ameshaimwaga, wacha na mimi nilete mchuzi wenyewe.

Mama anatimiza miaka 70 Jumamosi. Dada zangu wakakumbuka kwamba picha za zamani, za enzi Baba yuko hai, zimo kwenye ile kompyuta yangu ya chuo, ya Windows XP na skrini ya kisogo, niliyoiacha kwa Mama. Ilishakufa zamani, kuku wakaifanya kitanda. Nikaifungua kwa bisibisi, nikatoa diski. GB 40! Wa enzi hizo mnakumbuka tulivyoringa nazo.

Nikanunua waya wa kuiunganisha kwa USB, nikachomeka. Kimya. Mjuaji mimi, kumbe diski kubwa za pini 40 hazishibi umeme wa USB. Zina mdomo wa pili, wa waya nne, unaotaka umeme wake. Nikamwita rafiki (kosa la kwanza) anisindikize hadi Luthuli.

Fundi ni kijana ambaye huenda diski ile inamzidi umri. Akaigeuzageuza. "Mzee, hii umeitoa wapi?" Akang'oa kile kiplastiki cheusi cha nyuma kwa kibano, akakihamisha upande wa "master", yaani diski kuu, akawasha. Ikanguruma kama kinu cha posho. Ikasomeka.

Hapa sasa sikilizeni. Tulipobofya folda yangu, kompyuta ikaleta ujumbe: huna ruhusa ya kufungua folda hii. Mashine ya watu, isiyonijua, ilinionea huruma. Fundi akaniangalia. "Ni yako kweli?" Nikavimba. "Mali yangu. Bonyeza endelea."

Picha zikaanza kunakiliwa, zaidi ya 1,300. Fundi, kwa bidii ambayo sikuilipia, akasema tuhakikishe na sauti ziko salama. Akafungua folda iitwayo "Uhasibu II". Ndani mlikuwa na faili tisa. Akazichagua zote, akabofya.

Kwa wasiojua: ile programu ndogo ya kurekodi ya XP ilikuwa inakata baada ya sekunde 60. Kijana mwenye mengi ya kusema aliyasema kwa awamu. Na spika ya fundi iko juu ya mlango, imeangalia barabara, ndiyo inayoita wateja.

"Ehem." Huyo ni mimi, 2005, juu ya mlango. "Mpenzi." Kimya. "Hapana. Ehem. Mpenziii." Hii ya pili nimeishusha hadi tumboni, sauti ya matangazo ya vifo redioni. Muuza smoki akaacha kisu hewani. "Tangu siku ile uliposimama mbele ya kanisa na wenzako wa soprano, masikio yangu hayajui sauti nyingine..." Mwenye mkokoteni akaegesha. Mnakumbuka walipanua njia ya waendao kwa miguu pale Luthuli mwaka 2019. Nafasi ya kusimama ipo, hambanani. Mara, kutoka mbali ndani ya rekodi, Mama: "Wewe! Maharagwe yanaungua!" Na mimi, kwa sauti yangu halisi, nyembamba: "Naja, Mamaa!" Mlango ukagonga. Kisha sekunde kama ishirini za kuku tu. Watu wakasubiri. Hakuna aliyeondoka. Nikarudi nikihema: "Mpenzi, nakuomba uwe..."

Ikakata.

Huko nje mtu akauliza kwa uchungu: "Awe nani?"

Nikashika waya nichomoe. Fundi akanidaka mkono. "Mzee, ukichomoa, picha za mama zinakatika. Tuko asilimia 61." Basi zima hiyo sauti! Kipanya kimeganda, akasema. Halafu, kiungwana kabisa: "Lakini sauti ni safi. Haina hata mkwaruzo."

Nikamchagua Mama. Nikachuchumaa, macho kwenye asilimia, nikasikiliza sehemu ya 2 hadi ya 6. Kwenye sehemu ya 4 ninaimba. Msiniulize kuhusu sehemu ya 4. Rafiki yangu alikuwa mlangoni, simu juu.

Picha zimepatikana, isipokuwa mbili. Nimelipa kwa M-Pesa, nikaongeza mia mbili za kufunga mdomo, lakini kijana wa kibanda cha pili akanisalimia "Sasa, mtangazaji", kwa hiyo nadhani hazikutosha. Nikapanda matatu ya kwanza bila kuuliza inaenda wapi. Ilikuwa ya Kariobangi. Mimi naishi Rongai, upande mwingine kabisa wa jiji. Dada zangu sasa wanataka sehemu ya 1 ipigwe Jumamosi, eti kwa ajili ya maharagwe.

Nyumbani video ilikuwa imenitangulia. Mama watoto amekaa na simu, ameitazama hadi mwisho. Wale mnaotujua mnajua tulikutana kwenye kwaya hiyohiyo. Nikajitabasamisha, nikamwambia unaona, mimi nilianza kukupenda zamani.

"Mimi nilikuwa alto," akasema. Akazima taa.